Uzi Uliokatika Nchini Marudio

Nilivyofika Marudio si habari ya kumchosha mtu. Nilifika. Na nilipofika niliambiwa nitoke nje ya lango nifike tena, kwa kuwa kufika kwangu kwa kwanza hakukuhesabika.

Aliyeniambia hivyo alikuwa mtu mwembamba mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Jina lake Bwana Ngwali, Afisa wa Mapokezi na Maagano, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu muda wote niliokaa huko. Aliniomba radhi kwa upole.

"Mgeni wetu, umeingia vizuri, ila hayo yalikuwa mazoezi tu. Umepungukiwa kidogo na mshangao. Ukirudi, tafadhali simama hapa kwenye hili jiwe, utazame mnara ule, kisha useme 'Lo!' Halafu endelea kama kawaida."

Nikatoka, nikarudi, nikasimama kwenye jiwe, nikatazama mnara, nikasema "Lo!" Watu waliojipanga kando ya barabara wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele, na bibi kizee mwenye ushungi mweupe akafuta chozi. Nikamuuliza Bwana Ngwali yule bibi analilia nini. Akanijibu kwamba halilii kitu, ila ndiye aliyepangiwa chozi wiki ile.

Naomba msomaji asinicheke nikisema nilifurahi. Mimi ni mshereheshaji wa harusi pale Morogoro, na kazi yangu ni ratiba. Najua shangazi mwenye hotuba ndefu anavyoweza kuiua shughuli. Najua keki inavyochelewa, umeme unavyokatika wakati wa maharusi kuingia, mpishi anavyogombana na kamati huku wageni wanatazama sahani tupu. Nimezeeka nikipigana na mambo yasiyotarajiwa, na sikuwahi kushinda. Sasa nikajikuta katika nchi ambayo imeyashinda.

Sheria yao kuu ni moja, nayo imechongwa juu ya kila mlango wa serikali: Lisilozoezwa Lisitendwe. Hakuna raia wa Marudio anayeruhusiwa kufanya jambo mbele ya mwenzake kwa mara ya kwanza. Kwanza alifanyie mazoezi katika Nyumba ya Mazoezi, chini ya macho ya ofisa, mpaka liive. Ndipo alitende hadharani vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Wachumba wanazoea kupendana hapo. Majirani wenye ugomvi wanaenda kupangiwa nani atasema nini, nani atavua shati na nani atawaamulia. Na likitokea jambo lisilozoezwa, hata sahani kuanguka, desturi ni kila mtu kuganda alipo mpaka ofisa apulize filimbi na mambo yaanze upya tangu mwanzo.

Siku ile ile nilimtolea Bwana Ngwali utani wangu wa kuaminika, wa bwana harusi aliyeulizwa jina la mkewe mbele ya shehe akataja la mama mkwe. Alinitazama bila kupepesa.

"Ni mzuri sana," akasema. "Tuuzoeze."

Tukauzoeza. Kesho yake nikautoa tena mezani, na Bwana Ngwali akacheka mpaka akashika ukuta, na wenzake wote wakacheka naye, kila mmoja kwa zamu yake na kwa sauti yake. Mshereheshaji gani hataki hadhira ya namna hiyo? Nilianza kuuliza bei ya viwanja.

Akanipeleka msibani. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele, mzima wa afya, kanzu imenyooka, anawasahihisha waombolezaji. "Nyie wa upande huu," akawa anasema, "mbona mnalia kama mnakohoa? Shemeji, wewe utazirai nikishatolewa nje, siyo sasa." Watu wa Marudio huzoea misiba yao mapema ili siku yenyewe isiwakute vibaya. Bwana Ngwali akaniambia kwamba naye aliuzoea msiba wa mama yake hivyo hivyo. Mama mwenyewe ndiye aliyemwelekeza pa kulia na pa kunyamaza. Alipokuja kufa kweli, kila kitu kilikwenda sawa.

"Nililia palepale nilipotakiwa kulia," akasema, "na nilinyamaza kwa wakati. Nilipewa pongezi." Kisha akatazama viatu vyake kwa muda, nami nikadhani anatafuta vumbi.

Bungeni nilikuta vyama viwili, Chama cha Mazoezi Mara Moja na Chama cha Mazoezi ya Mazoezi. Cha pili kinadai kwamba mazoezi nayo ni jambo, na jambo lolote lazima lizoezwe kwanza, kwa hiyo mtu akienda mazoezini bila kuyafanyia mazoezi amevunja sheria. Cha kwanza kinajibu kwamba kwa hesabu hiyo hakuna kitakachoanza kamwe. Wabunge walipandishiana hasira vizuri sana, kila mmoja kwa mstari wake, na Spika akagonga meza mahali pake. Tukiwa tunatoka tuliona moshi mjini. Nyumba ya mtu ilikuwa inaungua, na wazima moto walikuwa kwenye nyumba ya pili yake, isiyoungua, wanafanya mazoezi ya kuizima ile. Walizoea vizuri mno, nyumba ikaisha. Mwenye nyumba akawashukuru kwa maneno aliyokuwa amejifunza tangu ujana.

Hapo nikaacha kuuliza bei ya viwanja, lakini bado sikuwa na neno baya la kusema juu yao.

Kwa heshima yangu iliandaliwa dhifa ya mchana. Palikuwa na pilau, palikuwa na mawaziri, na palikuwa na wanamuziki watatu waliopangiwa kupiga wimbo wa serikali uitwao "Karibu Mgeni Wetu." Nawataja, kwa sababu ndio habari yenyewe. Siwema, mwanamke wa makamo mwenye mashavu mapana, alishika saksafoni, na klarineti, ile zumari nyembamba ya mti, ilikuwa kwenye stendi kando yake. Chambuso, pande la mtu lisilopenda kusema, alikumbatia besi la mbao, lile la kusimama, lililomzidi kimo. Kibwana, mfupi mwenye macho ya utani, aliketi nyuma ya ngoma zake na matoazi.

Walipiga ubeti wa kwanza vizuri, nami nilikuwa nimeshaufahamu, maana nilikuwa nimeusikia kwenye mazoezi. Katika ubeti wa pili uzi mnene wa besi ukakatika.

Ulitoa mlio mbaya, ukachapa mbao, ukaacha mngurumo uliozunguka ukumbini. Watu wakaganda. Waziri aliganda na kijiko karibu na mdomo. Mhudumu aliganda huku anamimina maji, na maji yakaendelea kujaa kwenye glasi na kumwagika mezani. Wote tukasubiri filimbi.

Ila wale watatu hawakuganda. Siwema aliugeukia ule mngurumo kabla haujaisha, akaujibu kwa sauti ya chini iliyokwaruza, kama mtu anayeitika akiitwa kutoka chumba cha pili. Chambuso akashika nyuzi tatu zilizobaki akamuuliza kitu. Kibwana akaacha fimbo, akaanza kuzungusha kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Na wakaondoka. Sijui niseme vipi. Ule wimbo wa serikali waliuacha pale mezani na pilau, wakaenda mahali ambapo palikuwa hapajakuwapo mpaka walipopakanyaga.

Mimi kwanza nilikasirika. Nilitazama saa. Mkono wangu ulitafuta kipaza sauti niwaombe wageni radhi kwa hitilafu. Nilikuwa nasubiri kiitikio kirudi, maana kwenye dansi kiitikio hurudi, hata mpiga gitaa awe mlevi vipi. Hakikurudi. Saksafoni ilipiga kelele, halafu ikanong'ona, halafu ikasema jambo ambalo besi lilikataa, na ngoma zikawacheka wote wawili. Nikagundua nimeshika kiti kwa mikono miwili. Filimbi ikalia. Askari wakaingia kwa mwendo waliouzoea, wakawachukua watatu wale pamoja na vyombo vyao.

Shtaka lilikuwa zito kuliko yote katika nchi ile: kutenda kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Adhabu yake inaitwa kutawanywa. Wahalifu wa kundi moja hupelekwa kila mmoja jimbo lake, hutiwa kwenye bendi ya mazoezi, na hawaruhusiwi kukaa ukumbi mmoja maisha yao yote. Na kwa kuwa kosa lilitendwa kwa heshima yangu, mimi nilifanywa shahidi.

Bwana Ngwali alinipeleka kwenye Nyumba ya Mazoezi nikazoee ushahidi wangu. Watuhumiwa walikuwa wamewekwa chumba cha nyuma kusubiri kesi, akaniruhusu niwaone, mwenyewe akabaki mlangoni.

"Shikamoo, mzee," akasema Kibwana. "Tumekuharibia pilau."

"Marahaba. Pilau ililiwa," nikasema. "Ule wimbo unaitwaje?"

Kibwana akaangua kicheko, cha kwanza kukisikia katika nchi ile ambacho hakikuanza kwa zamu. Chambuso akatabasamu. Siwema ndiye aliyenijibu. "Hauna jina, kaka. Haukuwepo. Umekwisha."

Wakaniambia kwamba wana miaka mingi wanapiga hivyo kwa siri, kwenye tanuri la chokaa lililoachwa nje ya mji. Hawakubaliani lolote kabla ya kuanza. Hawaulizani waanze na nini wala wamalizie wapi.

"Sasa unajuaje cha kupuliza?" nikauliza, na nakiri niliuliza kwa ukali, kama ninavyowauliza wapiga picha wanaochelewa.

"Nasikiliza," akasema Siwema. "Chambuso akishuka chini, natazama ameniachia nafasi gani huku juu. Kibwana akinyamaza, najua kuna jambo linataka kuingia. Basi."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, Kibwana ananifuata kwenye kosa langu, na Chambuso anakuja nyuma. Tukiwa watatu humo si kosa tena, ni njia."

Bwana Ngwali akakohoa mlangoni, akaingia, akafafanua sheria. Iko huruma ndani yake, alisema. Kama watuhumiwa wakiweza kurudia mbele ya mahakama kile walichokipiga kwenye dhifa, sauti kwa sauti, basi kile cha kwanza kitahesabiwa kuwa mazoezi, na cha pili ndicho tendo, na hapatakuwa na kosa. Mwamuzi wa kufanana kwake ni shahidi. "Nawe, mgeni wetu, umepangiwa kusema 'Vinafanana, Mheshimiwa.' Hata jaji ameshazoea kuwaachia. Kila mtu anataka jambo hili liishe salama."

Nikamwambia ni jambo la busara. Nikawageukia wale watatu nikidhani watanishukuru, lakini Siwema alikuwa anatikisa kichwa.

"Ukisema vinafanana, kaka, watatupa huo kuwa wimbo wetu. Tutaupiga kila dhifa mpaka tufe. Na uzi utakatwa kila mara, palepale."

"Na mimi nitatakiwa nishtuke kila mara," akasema Kibwana.

"Nikisema havifanani?"

Siwema aliwatazama wenzake. Mkono wake ulikuwa umeshika kile kijiti cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni, anakigeuza geuza kwa vidole. "Watatutawanya," akasema. "Mimi naweza kuishi popote, sisemi kwamba nitakufa. Lakini hawa ndio masikio yangu. Nikipuliza bila hawa, nitakuwa naongea na ukuta."

"Sasa mnataka niseme nini?"

Hapo Chambuso akafungua kinywa, kwa mara pekee niliyomsikia. "Sema utakachosikia," akasema.

Asubuhi ya kesi tuliifanyia mazoezi. Makarani watatu walikaa mahali pa watuhumiwa, wakaguna "Karibu Mgeni Wetu," na mmoja akakata kipande cha uzi wa kushonea. Nami nikasema nilichopangiwa. Mheshimiwa Jaji Mwamvua, mama mnene mwenye miwani ya fremu nyeusi, akatoa hukumu ya kuwaachia kwa sauti tamu. Kisha ikafunguliwa milango, wananchi wakaingia, na kesi ikaanza kutendwa.

Mwendesha mashtaka, Bwana Tuwano, alileta uzi mpya wa besi. Alikuwa ameukwangua katikati kwa kisu ili ukatike kama ule wa kwanza, na aliuonyesha kwa mahakama nzima, nusu umekatika, nusu umeshikilia. Chambuso akaufunga kwenye besi. Nilimwona anaugusa kwa kidole pale penye jeraha, taratibu, kisha akaupandisha mpaka ukakaza.

Jaji akasema, "Anzeni."

Hawakuanza. Walikaa. Siwema alifumba macho, saksafoni mapajani, klarineti mkononi. Kimya kilikuwa kirefu mpaka watu wakaanza kutazamana, na mimi, ambaye kimya cha dakika moja ukumbini hunitoa jasho, nikaanza kutoka jasho. Kisha nikasikia pumzi. Siwema alikuwa anapuliza klarineti bila kutoa sauti, hewa tupu inapita kwenye mti. Kibwana akaiokota hiyo hewa kwa brashi ya kupigia ngoma juu ya toazi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba walikuwa wameshaanza zamani, tangu pale tulipodhani wamekaa tu, na sisi sote na kukohoa kwetu tulikuwa tumo ndani yake.

Chambuso akachukua upinde wa kusugulia nyuzi. Aliuweka kwenye ule uzi uliokwanguliwa. Mahakama nzima ikavuta pumzi, maana kila mtu aliujua. Na yeye hakuukwepa. Angeweza kutumia zile nyuzi nyingine tatu, nzima, lakini alibaki hapohapo, akauvuta polepole, sauti nene inayotetemeka ikatoka, na katika kutetemeka kwake ulisikia kabisa nusu iliyokatika na nusu iliyoshikilia. Siwema akaja juu yake kwa sauti nyembamba, kwa tahadhari, kama mtu anayeweka shuka juu ya mtoto aliyelala. Kila Chambuso alipoukaza uzi tulidhani sasa unakatika. Ukakaza tena. Sasa. Kibwana naye alikuwa anapiga mahali tu pasipopigwa na wenzake, na kila pigo lake lilikuwa kama amelitoa mfukoni mwetu.

Nilishangaa. Nasema wazi, bila jiwe wala mnara, nilishangaa mpaka nikaogopa. Maisha yangu yote nimejua kitakachofuata, au nimegombana na mtu kwa sababu sikujua. Pale sikujua hata pumzi itakayofuata itakuwa ya nani, nao hawakujua, na ilipokuja ilikuwa imefika mahali pake. Siwema akaacha klarineti akashika saksafoni, wakapanda wote watatu kwa kishindo, ngoma zikavunja vunja kila tulichokuwa tumezoea kukaa juu yake. Nikaona watu wamesimama bila kuambiwa wasimame. Nikamwona Bwana Ngwali ameegemea nguzo na uso wake umelowa. Hapakuwa na mtu aliyempangia. Alikuwa analia mahali ambapo hapakuwa pa kulia.

Kisha wakashuka. Kibwana akatoka kwanza, halafu Siwema, na ukabaki ule uzi peke yake, chini kabisa, unazidi kufifia, mpaka ikawa hatujui tunausikia au tunaukumbuka. Haukukatika.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyezoea. Katika ukimya ule Mheshimiwa Jaji alivua miwani. "Lo," akasema, kwa sauti ndogo, na mara akajiziba mdomo kwa mkono.

Bwana Tuwano alisimama haraka. "Shahidi! Kilichopigwa leo na kilichopigwa kwenye dhifa, vinafanana?"

Maneno yangu yalikuwa tayari ulimini. Nilijua nikiyasema watatu wale watabaki pamoja siku ile na siku zote. Nikamtazama Siwema. Alikuwa ametoa kile kijiti cha mwanzi anakifuta kwa kitambaa, hanitazami, hanisihi. Nikasema, "Havifanani, Mheshimiwa. Havifanani hata kidogo. Na sijawahi kusikia kitu kama hiki."

Mahakama ikaganda. Karani wa filimbi aliipeleka mdomoni, lakini jaji akamwonyesha kiganja, na filimbi ikabaki pale.

"Watawanywe!" akasema Bwana Tuwano. "Shahidi amesema."

"Subiri, Bwana Tuwano," akasema jaji. Alikuwa anatafuta maneno yake, na ilionekana dhahiri kwamba anayatafuta, jambo ambalo nadhani nchi ile haikuwahi kuliona. "Asubuhi tulizoea kesi hii. Makarani waliguna 'Karibu Mgeni Wetu.' Shahidi akasema vinafanana. Nami nikawaachia. Ndivyo?"

"Ndivyo, Mheshimiwa."

"Sasa hivi nimesikia kitu kingine. Shahidi amesema kitu kingine. Kwa hiyo kesi hii niliyoiendesha muda huu haijazoezwa."

"Lakini, Mheshimiwa, hukumu..."

"Hukumu ya kutawanya sikuizoea. Nikiitamka, nitakuwa nimetenda jambo kwa mara ya kwanza mbele yako. Utanishtaki?"

Bwana Tuwano akaketi.

"Naamuru," akasema jaji, akavaa miwani, "kwamba yote ya leo yahesabiwe kuwa mazoezi. Kesho mahakama itakaa tena na kuitenda kesi hii vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Watuhumiwa waje wote watatu, kwa kuwa leo walikuwa watatu. Wapige walichokipiga leo, sauti kwa sauti. Kikifanana, nitatoa hukumu."

"Na kisipofanana?" Bwana Tuwano akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Basi na hiyo itakuwa mazoezi, tutakaa tena kesho kutwa. Sheria ni sheria."

Kibwana ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akainamisha kichwa juu ya ngoma yake, mabega yakimtikisika. Siwema alimshika Chambuso mkono, na yule pande la mtu akakaa chini kwenye sakafu ya mahakama kama aliyetua gunia.

Nilikaa Marudio kwa muda baada ya hapo, na sikukosa mahakamani hata siku moja. Kesi haikufanana na jana yake kamwe. Kuna siku walipiga kitu kifupi kama kupiga chafya, jaji akaahirisha. Kuna siku Siwema hakushika saksafoni kabisa, aliwasikiliza tu wenzake mpaka mwisho, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote, jaji akaahirisha. Watu walikuja na mikeka. Chama cha Mazoezi ya Mazoezi kilitoa tamko la kuunga mkono, kwa kuwa kilidhani hatimaye kimeshinda. Bwana Tuwano alikuja kila siku mapema kushika kiti cha mbele. Alisema anakuja kulinganisha, ila nilimwona amefumba macho.

Siku yangu ya kuondoka Bwana Ngwali alinisindikiza mpaka langoni. Tulikuwa tumezoea maagano yetu juzi yake. Alitakiwa asimame kwenye lile jiwe, aseme, "Mgeni wetu, umetuachia pengo," nami nijibu kwamba moyo wangu unabaki. Watu wa vigelegele walikuwa wameshajipanga. Upepo ulikuwa unaleta kutoka mjini sauti ya besi, mbali, maana mahakama ilikuwa imekaa.

Alisimama kwenye jiwe. Akafungua mdomo. Akasikiliza ile sauti.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa akipepeta mchele anaimba. Hakuwa anajua kuimba. Sijamwambia mtu hilo."

Kisha akalia. Alilia vibaya, bila mpango, kamasi zikimtoka juu ya ile suti iliyopigwa pasi, akisema mama, mama, na wale waliojipanga barabarani wakaganda wasijue la kufanya. Mimi nililiacha jibu langu la kupangiwa. Nilimshika bega, tukasimama hivyo juu ya jiwe mpaka alipotulia mwenyewe. Tulipomaliza, hakuna aliyetuambia turudie.